Uzi Mwekundu Kwenye Bomba la Mvuke

Yorman Tamoy alikuwa apandishwe karandinga alasiri ile ile, apelekwe rumande mjini Barcelona, kule pwani ya jimbo, na pale kwenye visima vya mafuta vya Morichal Hondo hakuna aliyeona kasoro katika jambo hilo isipokuwa Inspekta Betsaida Lárez. Yorman alikuwa mwokota vyuma chakavu, mtu mzima mwenye watoto watatu na asiye na mbele wala nyuma. Mlinzi alimkamata nje ya uzio akiwa na waya wa shaba begani. Ndani ya uzio kulikuwa na maiti. Kesi nyepesi kama hiyo huja mara moja kwa mwaka, na hii ilikuja Desemba, wakati kila mpelelezi anataka kwenda nyumbani mapema.

Maiti ilikuwa ya Cruz Evaristo Guaregua, mchukua sampuli. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kila asubuhi akikinga mafuta ya kila kisima kwenye chupa, ili maabara ipime mnato wake. Alikutwa ndani ya kibanda cha kisima namba kumi na nne, kisogo kimepasukia kwenye ukingo wa koki kubwa. Daktari alikuwa ameshaondoka naye. Sakafuni palibaki mchoro wa chaki na doa.

"Bosi, tunatafuta nini tena?" aliuliza Ulises Rondón, msaidizi wake, akiwa mlangoni. Hakupenda kuingia mahali penye doa. "Waya tunao, mwizi tunaye."

"Natafuta sababu ya mwizi wa waya kuingia kwenye kibanda kisichokuwa na waya."

Ulises akaangalia kuta. Kweli hapakuwa na waya. Palikuwa na meza ya chuma, ndoo ya matambara, sanduku la chupa za sampuli na mkoba wa marehemu. Ukutani lilipita bomba nene la mvuke kuelekea kisima cha jirani, ambacho kilikuwa kinapashwa moto chini kwa chini ili mafuta yake yalegee. Juu ya bomba hilo, pale lilipovuliwa koti lake la kuzuia joto, mtu alikuwa ameweka hallaca moja, kile chakula cha Krismasi cha kufungwa kwenye jani, ipate moto. Jani la mgomba lilikuwa limekauka pembeni. Kifurushi kizima kilikuwa kimefungwa kwa uzi mwekundu wa kufumia, msalaba na fundo.

Betsaida akainama akanusa. Unga wa mahindi, nyama, zabibu kavu. Mate yalimjaa mdomoni, maana alikuwa hajanywa hata kahawa.

"Umemwona yule Yorman?" akauliza. "Mbavu zake zinahesabika. Amemuua mtu, yuko peke yake humu, na hallaca ya moto iko mbele ya pua yake. Anaiacha, anakimbia na waya?"

"Labda aliogopa."

"Mtu aliyeogopa anatupa waya, Ulises. Hallaca unakimbia nayo."

Alitoka nje akampigia simu mwendesha mashtaka, akamweleza hivyo hivyo. Mwendesha mashtaka alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba njaa si ushahidi na kwamba karandinga halimsubiri mtu. Akitaka Yorman abaki, alete kitu cha kushikika. Betsaida akarudi ndani akaanza upya, safari hii kwa kupekua taka.

Ndani ya ndoo, chini ya matambara, alikuta jani la hallaca nyingine, iliyokwisha kuliwa. Uzi wake ulikuwa wa katani, wa kawaida. Kwenye mikunjo ya jani palikuwa na mabaki ya unga, na katikati ya unga, dengu mbili. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili. Akazitia kwenye mfuko wa plastiki.

Kisha chupa. Aliitoa sandukuni ile ya kisima namba kumi na nne, ambayo ilikuwa imeshafungwa tayari kwenda maabara, akaiinamisha. Mafuta yakateleza upande hadi upande kama mchuzi. Betsaida alikuwa amekulia El Tigre, baba yake akiendesha lori la mafuta hayo hayo, na hakuwahi kuyaona yakitembea hivyo yakiwa ya baridi. Mafuta ya huku ni lami iliyosahau kukauka. Ndiyo maana huchemshwa kwa mvuke, au huchanganywa na nafta, kitu chepesi mfano wa petroli, ndipo yakubali kupita bombani.

"Hiki si ndicho kisima cha dawa?" Ulises aliuliza.

Ndicho. Mkoa mzima ulikuwa umesikia habari za dawa ya Mhandisi Gerson Zambrano. Nafta hununuliwa nje kwa bei ya kuumiza. Zambrano alikuwa ametengeneza dawa ya matone, ukiitia kisimani mafuta yanalainika yenyewe, nafta unaifunga. Majaribio yalikuwa yakifanyika kwenye kisima hicho kimoja, na kesho yake wakubwa walikuwa waje kutoka Caracas kuona kwa macho yao. Wakiridhika, nafta ingefungwa kwenye visima vyote.

Betsaida akafungua mkoba wa marehemu. Kitambaa, kisu, chupa ya kahawa. Chini kabisa, ikiwa imezungushiwa soksi safi, palikuwa na chupa ya mayonezi iliyojaa mafuta meusi. Aliigeuza kichwa chini, akaisimamisha mezani juu ya kifuniko chake. Mafuta yalibaki huko juu, hayakutikisika.

"Acha hivyo hivyo," alimwambia Ulises. "Niitie msimamizi."

Nicanor Urbaneja, msimamizi wa visima, aliingia akiwa amevua kofia. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kuzoea kushindana na mashine. Kwenye mkono wa shati lake, karibu na kifungo, palikuwa na damu iliyokauka. Ulises aliiona, akasogea taratibu akaziba mlango.

"Asubuhi ulikuwa wapi, mzee Nicanor?"

"Kwenye matangi, Inspekta. Tangu alfajiri."

"Mlinzi wa geti anasema ulitoka na gari kukiwa bado giza, ukarudi jua limeshapanda."

Mzee akatazama kofia yake. "Mlinzi ana mdomo mrefu."

"Na jana uligombana na Cruz. Watu wa kantini walisikia."

"Nani hajagombana na Cruz? Yule bwana alikuwa anaweza kugombana na kioo. Alisema sampuli za kisima hiki zinamnukia vibaya. Nikamwambia mwache mhandisi na dawa yake, wewe kinga mafuta uende zako. Basi."

"Na hiyo damu?"

Nicanor akanyanyua mkono, akaiona damu kana kwamba ni mara ya kwanza, kisha uso wote ukamwiva. Alijing'atang'ata. Betsaida alimwacha ajing'ate. Hatimaye akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, ndogo kabisa, "Njooni kwenye gari."

Nyuma ya gari la kampuni palikuwa na turubai. Ulises akalifunua, mkono mwingine ukiwa kwenye bastola. Chini yake, juu ya mifuko ya barafu, ulikuwa umelala mguu mzima wa nguruwe.

"Nimeufuata Pariaguán," alisema Nicanor. "Ukienda saa za watu wote unakuta kwato tu. Mke wangu amesema mwaka huu bila mguu wa kuoka nisikanyage nyumbani. Kuna risiti, kuna muuzaji, kuna foleni nzima ya mashahidi. Lakini gari ni la kampuni na saa zilikuwa za kampuni, Inspekta, na mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Ulises alirudisha turubai polepole. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyenyimwa kitu. Betsaida alimpigia muuzaji kwa namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa barafu. Muuzaji akamkumbuka Nicanor vizuri sana, maana walivutana juu ya bei mpaka watu wakapiga kelele.

Mlango mmoja ukafungwa. Betsaida akamrudisha mzee kibandani, akampa chupa ya sandukuni.

Nicanor aliifungua, akainusa, akarudisha kichwa nyuma. Akainusa tena. "Hii ina nafta," alisema.

"Si mliifunga kwa ajili ya majaribio?"

"Mimi mwenyewe niliweka kufuli." Akatoka, wao nyuma yake, mpaka mahali ambapo bomba dogo la nafta huungana na bomba la kisima. Kufuli lilikuwepo, zima. Aliweka kiganja juu ya bomba hilo dogo, kisha akachuchumaa akaangalia shina la koki. Vumbi la wiki nzima lilikuwa limefutika hapo, na grisi mpya iling'aa. "Imefunguliwa na kufungwa. Ufunguo uko kwangu mmoja, na mmoja kwa mhandisi."

"Na hii nyingine imetoka wapi?" Betsaida alikuwa amekuja na chupa ya mayonezi. Aliigeuza tena kichwa chini mbele yake, kwa vile njiani ilikuwa imelazwa.

Mzee akaitazama, akaelekeza kidole kwenye kikoki kidogo juu ya kichwa cha kisima, kabla ya pale nafta inapoingilia. Chini yake palikuwa na tone jipya jeusi na nyuzi za tambara. "Amekinga hapa. Hapa ndipo mafuta yanapotoka yalivyo, hayajachanganywa na chochote. Cruz mshenzi," alisema, na macho yakamlowa, wala hakujificha. "Alisema yanamnukia."

Sasa mambo yalikuwa yamekaa sawa, isipokuwa kwamba hayakumtoa Yorman garini. Ufunguo wa nafta ni udanganyifu wa kazini. Haumweki mtu ndani ya kibanda na Cruz asubuhi ile. Betsaida alilijua hilo, na mwendesha mashtaka angelijua haraka zaidi.

Mjane alikuwa getini. Alikuwa amekuja kwa pikipiki ya jirani na alikuwa amekataa kiti, maji na pole za kampuni. Jina lake Otilia. Betsaida alimwonyesha kwenye simu picha ya hallaca ya juu ya bomba.

"Hiyo ni yangu," alisema Otilia. "Uzi wa kawaida uliniishia, nikafumua sweta la mwaka juzi. Cruz akanicheka. Akasema hallaca zimevaa sweta."

"Mlizipika lini, mama?"

"Jana. Tumefunga jioni, tumechemsha usiku, zimepoa karibu na alfajiri. Yeye ndiye wa kwanza kuchukua."

"Alichukua ngapi?"

"Mbili. Moja ya kula, moja ya kubadilishana. Kila mwaka ni hivyo. Ile ya kwanza ya nyumbani lazima abadilishane na mtu, hata kama hampendi. Ukimpa mtu hallaca naye hana ya kukurudishia, anakuwa na deni lako mpaka Januari. Alifurahia sana mambo hayo."

"Unaweka dengu?"

Otilia alimtazama kama ametukanwa msibani. "Dengu? Mwanangu, mimi mtu wa huku. Naweka yai na kiazi. Ningeweka dengu, Cruz angeniitia mashahidi."

Mlinzi wa geti, ambaye hakuulizwa, alisema anayeweka dengu ni mama yake mhandisi tu. Watu wa milimani, Táchira. Kila Desemba humtumia mwanawe sanduku zima kwa basi, naye hugawa kazini, na watu hupokea kwa adabu.

"Wewe amekupa lini?" Betsaida aliuliza.

"Juzi."

Juzi. Basi dengu zile peke yake hazikutosha. Hata Cruz angeweza kupewa juzi. Betsaida alisimama pale getini akipanga na kupangua, jua limemkaa utosini. Hallaca mbili zilitoka kwa Otilia alfajiri. Moja ilikuwa juu ya bomba. Cruz alikula ya dengu. Ile ya pili ya uzi mwekundu haikuwa mkobani, haikuwa kwenye ndoo, haikuwa mfukoni mwa marehemu. Na Yorman alipopekuliwa alikuwa na waya tu.

Ofisi ya mhandisi ilikuwa kontena lenye kiyoyozi, friji ndogo na sanamu ya Mtoto Yesu juu ya friji. Gerson Zambrano alikuwa mwembamba, msafi, mwenye ile heshima ya watu wa milimani ambao hata mbwa wao humwita bwana. Aliwavutia viti wote wawili.

"Karibuni sana. Nimesikitika kupita kiasi. Mzee Cruz alikuwa kama baba kwetu."

"Ulimwona lini mara ya mwisho, Mhandisi?"

"Jana mchana, Inspekta. Leo nilikuwa chumbani kwangu El Tigre nikiandaa maneno ya kesho, mpaka nilipopigiwa simu. Kule kisimani sijakanyaga."

Betsaida aliweka chupa ya mayonezi mezani, kichwa chini. Mafuta yalikuwa yameanza kuning'inia kwa ulimi mfupi. Zambrano aliyatazama, na baada ya hapo hakuyatazama tena.

"Hiyo si ya kisima changu," alisema. "Ya kisima changu inamiminika."

"Inamiminika kwa nafta."

"Nani kasema hivyo?"

"Pua ya msimamizi, na koki yenye grisi mpya."

"Mzee Nicanor ana ufunguo pia, kwa heshima zote. Na maabara ndiyo inayosema, Inspekta, si pua." Alisema kwa upole, na alisema kweli. Kitumbua chake kilikuwa kimeingia mchanga lakini bado alikuwa anakitafuna bila kukunja uso.

"Jua la huku kali," alisema Betsaida. "Naomba maji baridi."

"Friji imeharibika, kwa bahati mbaya. Nitawaagizia kantini."

Friji ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Ulises aliisikiliza, akamtazama bosi wake. Betsaida akanyanyuka, akamwomba radhi Mtoto Yesu kwa kumsogeza kidogo, akafungua.

Mlikuwa na maji, chupa za dawa zenye rangi ya chai, na rundo la hallaca za uzi wa katani. Juu ya rundo, peke yake, palikuwa na moja ya uzi mwekundu, msalaba na fundo.

Kiyoyozi kilizima, kikawaka.

"Alinipa jana," alisema Zambrano.

"Jana ilikuwa bado ipo sufuriani."

Mhandisi aliketi. Mikono yake aliiweka juu ya meza, mmoja huku na mmoja huku, chupa ya mayonezi ikiwa katikati.

"Kutoka kisimani mpaka hapa kuna dimbwi la matope ya mafuta," alisema Betsaida. "Liliwahi kumeza trela. Ungeitupa tu humo, leo nisingekuwa na kitu."

"Hallaca haitupwi, Inspekta." Alisema kama anamkumbusha mtoto. "Mtu amekupa kwa mkono wake, ya kwanza ya nyumbani kwake. Nilifika pale kwenye dimbwi. Nilisimama nayo. Haitupwi."

"Na kuila?"

"Hapana. Hilo hapana."

Baada ya hapo aliongea bila kuulizwa. Alikwenda alfajiri, kwa njia ya nyuma isiyopita getini, kufungua nafta ili sampuli ya mwisho itoke nzuri. Cruz alimkuta, akamsalimia, wakabadilishana. Cruz alikula yake pale pale amesimama, akazisifu dengu kwa sababu ya malezi mema, akafuta mikono. Ndipo alipomwambia kwamba anayo chupa yake mwenyewe na kesho ataiweka mbele ya wakubwa. Mkiifunga nafta kwa kuamini uongo huu, alisema, visima vyote vitaganda na watu watarudishwa majumbani. Zambrano aliomba mwezi mmoja. Dawa ilifanya kazi kwenye maabara, ni kisima tu kilichokataa. Mzee akashika njia ya mlango.

"Nilimsukuma arudi anisikilize," alisema. "Nilitaka arudi tu."

Ulises alimfunga pingu. Betsaida alipiga simu. Karandinga lilikuwa limeshaondoka, lakini lilisimamishwa kizuizini Anaco, na jua likiwa linashuka wakamrudisha Yorman Tamoy kituoni El Tigre, amekunjamana, akiuliza kama waya wake bado upo.

"Waya ni kesi nyingine, na ni ndogo," Betsaida alimwambia. Alikuwa amemnunulia arepa ya jibini, mkate wa mahindi, kibandani nje ya kituo, na alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya aseme mengi kuliko desturi yake. "Unajua kilichokuokoa? Njaa yako. Nilisema mtu mwenye njaa kama yako angekuwa ameingia mle, asingeiacha hallaca juu ya bomba. Nikaanzia hapo."

Yorman alikuwa anakula kwa mikono miwili. Alitafuna, akameza, akafuta kinywa.

"Niliingia, mama."

Betsaida akamtazama.

"Harufu ilinifikia kule kwenye uzio. Nikaruka niichukue hiyo hallaca. Nilishanyoosha mkono, ndiyo nikamwona mzee sakafuni, macho yako wazi, kama ananitazama mimi. Hamu yote ikanitoka. Nikarudi nilikotoka." Akaikata arepa kipande kingine. "Sijawahi kuacha chakula. Ndiyo mara ya kwanza."

Ulises, aliyekuwa akichapa maelezo kwenye kona, aliacha kuchapa. Betsaida alivuta kiti akaketi mkabala na Yorman.

"Ungenieleza hivyo asubuhi," alisema, "ningekupandisha karandinga kwa mkono wangu mwenyewe."

"Najua," alisema Yorman. "Ndiyo maana sikusema."